Shingo ya Shangazi

Jumatatu, 6 Mei

Vitumbua vya kwanza vimetoka vizuri. Malori ya Mgeta yamewahi leo, yamejaa kabichi mpaka yanahema. Taniboi mmoja kala sita kwa kusimama, hata mdomo hajafuta. Nikawa namimina rojo la mkupuo wa pili, kopo likanitoka mkononi. Sikuteleza. Mkono wenyewe uliliachia bila kuniuliza. Rojo lote motoni, mafuta yanaruka, moshi, taniboi anacheka.

Na nani alikuwa amesimama pale na kikapu chake? Rehema. Mke wa kaka yangu Salehe. Wifi ninaye mmoja tu na ananitosha. Kasema kwa sauti, stendi nzima isikie: "Wifi, siku hizi unalewa kabla majogoo hayajawika?" Mie pombe sijawahi kuonja. Anajua.

Ana kinyongo cha zile nywele. Si mie niliyezidondosha. Nywele zake za bandia zilianguka zenyewe kwenye karai la pilau siku ya maulidi. Mie nilisema nilichokiona. Niliwaambia watu wengi, sawa. Lakini niliona.

Raha yangu moja. Binti yake Asha kamaliza kidato cha nne na sasa yuko ndani, anafundwa. Atatolewa mwisho wa Juni, mahindi yakishavunwa. Na mwali wetu huku hatoki kwa miguu yake. Anatoka juu ya mabega ya shangazi yake, kapambwa, ngoma inalia. Shangazi mie. Nimebeba mabinti wa ukoo wote huu, wembamba na wanene, na nilikuwa nacheza nao huko huko juu. Mlali hii sina mpinzani. Rehema apende asipende, siku hiyo atanipigia magoti.

Kidole gumba bado hakijaamka. Daftari hili kaniletea mwanangu Shabani, yule anayekaa Mzinga, karibu na mjini. Daktari wa mjini alisema niandike mkono unavyokuwa. Mie darasa la nne, mwandiko wangu kuku kapita kwenye matope. Lakini nikianza kusema nani wa kunizuia.

Alhamisi, 9 Mei

Mkono mbaya.

Maumivu yanaanzia shingoni, yanashuka begani, yanamalizikia kwenye gumba na kidole cha shahada. Kama waya wa moto. Nikiinua kichwa kuangalia milima, yanawaka. Basi siangalii milima. Ipo tu, haiendi kokote.

Dawa nimemeza. Kola nimevaa shingoni miezi, kama mbwa wa tajiri. Nimekandwa mpaka ngozi imechubuka. Hakuna.

Leo msibani kwa mzee wa mashine ya kusaga wameleta sinia la wali, tumezunguka watu watano. Tonge halikamatiki. Linavunjika vidoleni kabla ya kufika mdomoni. Nikaomba kijiko. Mkono wa kushoto siwezi kula nao mbele za watu, nilifundishwa. Rehema akawatangazia: "Mleteeni na uma, wifi yangu kawa mzungu." Wanawake wakacheka msibani. Mpaka mfiwa.

Namchukia. Naandika wazi, hakuna anayesoma.

Jumanne, 14 Mei

Dar na Shabani. Wameniingiza kwenye bomba, linagonga kuliko mashine ya kusaga. Nimelala humo nasoma dua zote ninazozijua, zikaisha, nikaanza upya.

Daktari kijana, mpole, kanionyesha picha. Kasema kati ya mfupa na mfupa wa shingo kuna kitu laini, jina lake diski. Nje kigumu kidogo, katikati rojorojo. Nikamwambia hicho ni kitumbua. Akasema haya mama, ni kitumbua. Chako kimoja kimepasuka pembeni, cha ndani kimechomoza nje, kimeukandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mkono wa kulia. Ndio maana gumba limekufa. Tukiuacha hivi, mkono unaweza usirudi tena.

Akauliza nabeba nini. Nikasema maji, kuni, magunia. Na kingine? Mabinti. Akadhani vichanga. Nikamweleza. Akaweka kalamu mezani.

"Binti mzima? Juu ya mabega? Na unacheza?"

Nikamwambia tena kwa kuruka.

Kasema shingo ipasuliwe wiki ijayo, bima ya Shabani inatosha. Akaendelea na mambo ya tundu dogo, mrija, kamera, sijui nini. Hayo sikuyashika. Nilivyosikia kisu na shingo kwa pamoja, masikio yalifunga duka.

Lakini moja nililishika. Kubeba mtu begani, basi. Si mwaka huu tu. Basi kabisa.

Nimenyamaza njia nzima mpaka Chalinze. Shabani akanigusa, alidhani nimekata roho.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeshawaambia watu wote.

Nimeieleza vizuri, sijisifu. Nimesema wataniweka kifudifudi, watanifungua kisogo toka sikio hili mpaka sikio lile kama unavyopasua papai. Mifupa wataitoa mmoja mmoja, wataipanga kwenye sahani ya bati, wataifuta, watairudisha kwa kufuata namba. Nani kanipa hayo? Hakuna. Lakini wakati nasema niliyaona. Stendi wameacha kula vitumbua. Mama Deo, jirani yangu anayeuza karoti, kafanya ishara ya msalaba na kusema atanitolea nia kwenye misa. Kasema na machozi. Watu ambao hawajaniamkia tangu mwaka juzi wamekuja kuniomba radhi. Nimewasamehe wote, hata wasio na kosa.

Na Rehema kaja. Kalia! Kamleta kuku. Kuku mwenyewe bibi kizee, miguu ina magamba kama kenge, lakini kuku. Akanishika mkono. "Wifi, tumegombana sana. Ukipona utambeba Asha wetu. Mungu atakupa shingo mpya."

Pale pale nilitaka kumwambia daktari alichosema. Sikumwambia. Alikuwa analia vizuri sana, ningemkatisha vipi.

Jumanne, 21 Mei

Kesho asubuhi. Wodi ya watu sita. Naogopa. Wa kitanda cha pili anakoroma kama lori la Mgeta linapanda mlima. Naogopa sana.

Ijumaa, 24 Mei

Juzi nimefumbua macho, nikauliza wanaanza saa ngapi. Nesi kasema mama tumemaliza.

Ule waya wa moto haupo. Haupo! Nimegeuza kichwa taratibu, nimeusubiri, haukuja. Alhamdulillah. Gumba bado limelala na mkono hauna nguvu, daktari kasema mshipa ulikandamizwa siku nyingi, utaamka pole pole, nisiuharakishe. Kasema amepitisha kimrija chembamba nyuma ya shingo, ndani kina taa na kamera, akaangalia kwenye televisheni, akachomoa kipande kilichokuwa kinabana. Kanionyesha kwenye kichupa. Kama punje ya mchele iliyopondeka. Hicho ndicho kilichonitesa. Nimekitukana kimoyomoyo.

Halafu nikaomba vioo viwili nione kidonda.

Plasta. Plasta moja, ya kubandika kidole ukijikata kwa kisu cha kitunguu. Iko pembeni chini ya nywele, nikijifunga mtandio hata haionekani.

Nimejisikia nimeibiwa. Nimeaga Mlali nzima! Watu wamenitolea misa! Nikamwita nesi nikamwomba anifunge bendeji kubwa, anizungushe na kichwa. Akacheka mpaka akashika kitanda. Nikamwambia sitanii. Akaenda kuwaita wenzake waje kunisikia.

Hawakunifunga.

Jumapili, 26 Mei

Siku mbaya kuliko ya kisu.

Walikuja wote. Mikeka imeenea mpaka uani. Mama Deo kaja na chungu cha uji, wengine na sukari, wengine na vilio vilivyoandaliwa kabisa. Wakakaa. Wakaniangalia nimekaa nanywa chai, shingo iko pale pale.

Bibi mmoja kasema, mwanangu tufunulie. Nikafunua.

Kuku walisikika.

Mama Deo kasogea, kavaa miwani. "Ndo hii?"

Rehema hakuvaa miwani. Kasema: "Mie nina chunusi inaishinda hii." Kikapasuka kicheko, na wengine hawakutaka kucheka, niliwaona wanajibana. Nikaeleza mrija, kamera, punje ya mchele. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuwa mwongo. Mrija unaingia shingoni na taa! Hata mie nilivyojisikia nasema, sikujiamini.

Wameondoka mapema. Sukari mbili zimerudi na wenyewe.

Rehema, kafika mlangoni: "Na kuku wangu?"

Nikamwambia kuku nimemla. Na alikuwa mgumu.

Ijumaa, 31 Mei

Habari zilivyofika leo. Nilikwenda Dar kula samaki na Shabani na nimejibandika plasta. Hapana, nilichomwa sindano ya kawaida. Hapana, nilikuwa na mwanaume Mbagala. Mwanaume! Kwa umri huu, na kola shingoni.

Mie njia za uvumi za Mlali nazijua zote, nyingine nimezifyeka mwenyewe. Hii naijua inakotoka. Imetoka kwa Rehema, ikapita kisimani, ikalala dukani, ikaamka stendi imenenepa. Kazi nzuri, siwezi kuikosoa. Ila safari hii mimi ndiye niliyepakiwa.

Vitumbua vimebaki nusu beseni.

Jumamosi, 1 Juni

Kikao kwa kaka Salehe, kupanga ngoma ya Asha. Bi Hadija, kungwi wetu, alikuwepo, na wazee wa pande zote mbili. Asha mwenyewe chumbani nyuma ya pazia, haonekani. Nikaona nitangulie. Nikasema daktari kanikataza kubeba mtu, si mwezi huu tu, ni moja kwa moja. Mkono wangu uko njiani kurudi, nikibeba unaweza usifike.

Rehema kasimama. Kasema haya si ya daktari, haya ni ya nywele. Kasema nimetunga upasuaji ili mwanae atoke kwa miguu kama anakwenda kuchota maji, watu wamcheke maisha yake yote. Kasema shangazi asiyembeba mwali si shangazi, kuanzia siku hiyo Asha asinijue na mie nisikanyage mlango wake.

Salehe? Kisiki cha mgomba. Ndugu yangu tumbo moja, anaangalia vidole vya miguu kama ndio kwanza kavipata.

Halafu Rehema akaja nyuma yangu. Nikadhani anapita. Akanivuta mtandio, akabandua plasta. Mbele ya wazee. Mbele ya wanaume, kichwa wazi! "Haya tazameni wenyewe! Iko wapi hiyo operesheni?"

Nilimpiga. Nilitumia mkono wa kulia, ukafika kama kanga iliyolowa. Hakuumia hata kidogo. Hicho ndicho kilichoniliza.

Jumatano, 5 Juni

Zoezi. Kubana sponji. Gumba liguse kila kidole. Kuandika.

Sina la kuandika. Namchukia Rehema.

Jumanne, 11 Juni

Gumba limeguswa na chai ya moto, likasikia! Nimepiga kelele, Mama Deo kakimbilia uani anadhani nyoka. Nikamwambia nimeungua. Nikacheka peke yangu. Akaniangalia sana, akarudi kwake. Huyu naye keshaanza kuniogopa.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Nimevaa gauni la kijani, nikasema leo Idi, nitakwenda kwa kaka yangu, mlango ni wa baba yetu kabla haujawa wa Rehema.

Hakunifukuza. Kafanya vibaya zaidi, kanikaribisha. Kaniita "mgonjwa wetu". Kaniwekea mto mgongoni. Kila aliyeingia anaambiwa: "Mpisheni mgonjwa wetu, msimguse, ni wa kioo." Sinia likaja. Nikanawa, nikaingiza mkono wa kulia kama watu. Tonge la kwanza likafika. La pili likamwagika kifuani, kwenye gauni la kijani. Rehema akaleta kitambaa akanifuta yeye mwenyewe, pole pole, kama unavyofuta mtoto, anatabasamu.

Nimechoka. Watoto wa jirani wanaigiza namna nilivyosema mifupa itapangwa kwenye sahani. Mwanamke anaweza kuishi bila gumba. Wapo wanaoishi. Bila jina hawezi, si hapa Mlali.

Nitambeba. Naandika ili nisigeuke. Nitambeba Asha uwanja mzima na kucheza nitacheza, halafu mkono ufe ukitaka.

Alhamisi, 20 Juni

Nilijaribu. Ndoo kubwa ya maji, nikajitwika kama zamani, toka bombani mpaka mgomba wa kwanza.

Waya wa moto umerudi.

Nimeshusha ndoo hata sijui vipi. Nimekaa chini kwenye matope, nimeushika mkono kama wa mtu mwingine. Yule daktari hakuwa ananitisha. Shabani kwenye simu kanifokea mpaka nikaiweka mbali na sikio, halafu kampigia daktari, na daktari kasema nilale, nimeze dawa, na kama waya hautoki kesho nirudi Dar.

Sikulala. Nimehesabu vitu ninavyofanya na huu mkono. Kugeuza kitumbua. Kufunga kanga. Kujisafisha chooni, hilo ni kushoto, haya. Kula. Kumsalimia mtu. Kumpiga Rehema.

Ijumaa, 21 Juni

Waya umetoka. Gumba bado linasikia. Nimesali rakaa za ziada. Ndoo nimeigeuza, naikalia.

Jumatano, 26 Juni

Shangazi anaruhusiwa kuingia kwa mwali, Rehema hawezi kuzuia hilo, Bi Hadija yuko mlangoni. Nikaingia. Chumba kina giza, kinanuka liwa na mafuta. Asha kakaa mkekani, mweupe kwa kukosa jua, shavu hilo! Wamemlisha kweli kweli.

Akaniamkia, nikamwitikia.

Akasema chini chini: "Shangazi, nasikia kila kitu humu. Pazia si ukuta. Usinibebe. Na mie nimenenepa, utakuwa bapa kama chapati." Nikacheka nikaziba mdomo. Nikamwambia mama yako atakufa. Akasema, "Mama hafi. Mama anaogopa watu watasema ukoo wa baba umemkataa mwanae. Na sababu ya kuogopa ni wewe shangazi, kwa sababu wewe ndiye unayesema."

Mtoto mdogo huyu. Bi Hadija kamfundisha mengi mno.

Nimetoka. Rehema yuko jikoni anaponda kitunguu swaumu. Hakuniangalia, mie sikumwangalia. Kile kinu alikuwa ananipigia mie.

Jumamosi, 29 Juni

Nimerudi, jua limezama, masikio bado yanalia ngoma. Naandika yote kabla hayajapoa.

Uwanja ulijaa. Watu wa Mlali, wa mjini, mpaka akina mama wa Mgeta walioshuka na malori. Ngoma zikapashwa moto. Mimi mstari wa mbele, kanga mbili mpya, kama shangazi. Rehema katikati anacheza, kanijia, kiuno mbele, na wimbo kautunga kabisa:

"Wifi yangu ana shingo, shingo ya yai,
Ukiigusa inapasuka, ukiiacha inakula pilau!"

Wakaitikia. Wimbo mtamu, hilo ndilo linaloudhi. Mguu wangu mmoja ulicheza bila ruhusa.

Asha akatolewa mlangoni, kafunikwa, mwavuli juu yake. Hatua moja nje, akasimama. Ngoma zikashuka. Hapo ndipo shangazi anapochuchumaa na kichwa kinaingia chini ya mwali. Watu wote macho kwangu. Rehema mikono kiunoni, anasubiri. Alidhani aibu itanisukuma. Ilikuwa inanisukuma kweli, magoti yalishaanza kupinda yenyewe.

Nikabana gumba na kidole cha shahada. Nikalisikia gumba.

Nikasema, "Sibebi." Kwa sauti. Ile ya stendi.

Rehema akapiga yowe. "Mmesikia! Mmemsikia shangazi mtu! Wifi mchawi wewe! Mwanangu atembee chini kama mbuzi?" Akanijia usoni, nikamjia usoni. Nikamwambia nilipasuliwa, amini usiamini, na huu mkono siutoi sadaka kwa sababu ya kichwa chako cha kipara. Nililisema hilo. Mbele ya watu wa mjini. Akaninyaka kanga, nikamnyaka kilemba. Salehe, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akasema, "Basi." Hakuna aliyemsikia.

Bi Hadija ndiye aliyepita katikati, bibi wa watu, na fimbo yake. Akauliza: nani ana mabega? Akauliza tena. Nyuma huko Mama Deo akasema, "Mie ninayo, ila mie Mkristo." Kabeba karoti Mgeta toka akiwa msichana, mabega yake mlango wa duka. Rehema akaanza, haiwezekani, si ndugu. Bi Hadija akasema mwali amesimama juani nyie mnachagua mabega? Mabega ni mabega. Mwavuli ndio wa shangazi. Shangazi akishika mwavuli juu ya mwali toka mlango huu mpaka mkeka ule bila kuushusha, kabeba yeye. Ukishuka, hakubeba.

Sijawahi kuisikia sheria hiyo. Nadhani kaitunga pale pale. Hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Mwavuli ni mwepesi, daktari hawezi kusema kitu. Lakini kuunyoosha juu, mkono wa kulia, uwanja mzima, na Mama Deo mrefu na Asha juu yake anacheza mabega! Na upepo wa milimani, saa tisa unashuka kama umetumwa. Unavuta. Mwavuli unataka kwenda Mzinga. Rehema kanifuata ubavuni hatua kwa hatua, haimbi tena, macho kwenye vidole vyangu. Alikuwa anasubiri lile kopo la rojo lianguke tena. Mkono ukaanza kutetemeka katikati ya uwanja. Kushoto ulikuwepo, mzima, ningeweza kubadilisha. Sikubadilisha. Nikawa namwambia gumba kimoyomoyo, shika, mshenzi wewe, shika.

Likashika.

Tumefika mkekani. Asha kashushwa, vigelegele, pesa zinabandikwa usoni kwake. Mama Deo jasho linamtiririka, anacheka, anauliza huwa mnafanya hivi kila mwaka? Nikaushusha mwavuli. Vidole vilikataa kufunguka, nikavifungua kimoja kimoja na mkono wa kushoto.

Rehema kasogea. Nikadhani sasa. Akasema: "Uliulaza upande. Jua limempiga mwanangu."

Jumatatu, 1 Julai

Baridi asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Vitumbua vimeisha. Mama Deo kakandwa mabega na binti zake wawili, anajisikia, kila anayepita anamweleza namna alivyobeba. Jana alikuwa kambeba mpaka mkekani. Leo kambeba mpaka barabarani. Namwacha. Simulizi yake sasa.

Mchana Asha kaja. Kwa miguu, peke yake, kapaka wanja, dada kabisa. Kaleta sahani imefunikwa kawa. "Mama kasema chakula cha jana kilichobaki." Kaondoka haraka, alikuwa anabana midomo.

Nikafunua. Pilau, nzuri, inanukia. Na juu yake nyama moja.

Shingo ya kuku.

Nimecheka peke yangu mpaka nikakaa kwenye ile ndoo. Rehema! Kapekua sufuria nzima akaitafuta.

Nikanawa. Nikala pilau kwa mkono wa kulia, matonge madogo, yote yakafika. Halafu shingo. Nimeichambua taratibu, gumba na kidole cha shahada, kifupa na kifupa. Vidogo kama punje. Kati ya kimoja na kingine kweli kuna kitu laini, cheupe. Sikuwahi kukitazama miaka yote hii. Nimevipanga ukingoni mwa sahani, kwa kufuata namba.

Ncha ya gumba bado ina ganzi kidogo. Nikainua kichwa. Ukungu ulikuwa umepanda, milima iko wazi yote. Nikaiangalia mpaka nikachoka.

Sahani nimeiosha. Hairudishwi tupu, hilo hata Rehema analijua. Nimekaa hapa nafikiria niweke nini.